Anayejicheka Kwanza: Vichekesho vya Wahome Mutahi Mbele ya Imani Yetu

Mwaka juzi, siku ya sikukuu ya mavuno katika ushirika wetu, vijana waliigiza igizo fupi baada ya mnada wa ndizi na kuku. Mhusika wao mkuu aliitwa Mzee Kesho. Kila alipoulizwa ahadi yake kwa ajili ya jengo la kanisa, Mzee Kesho alivua kofia, akaweka mkono kifuani, akaomba sala ndefu ya kumshukuru Mungu kwa wema wake, kisha akamaliza kwa kusema kwamba atatoa kesho. Watu walicheka mpaka akina mama wengine wakajifuta machozi kwa vitenge. Nami nilicheka. Kisha nikaona vichwa vitatu vinne vinageukia benchi la wazee wa kanisa, upande nilioketi mimi, nikakumbuka bati kumi nilizoahidi kwa ajili ya paa. Ahadi hiyo ilikuwa imetimiza miaka miwili, na bati zenyewe zilikuwa bado dukani.

Kicheko kilinikatika. Igizo lilipokwisha nilisimama, nikafungua Zaburi ya kwanza, nikawakumbusha vijana kwamba heri ni ya mtu asiyekaa pamoja na wenye mizaha. Nilisema nyumba ya Mungu si ukumbi wa vichekesho. Wazee wenzangu waliitikia kwa vichwa. Kijana aliyetunga igizo lile aliomba radhi mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo hakutunga tena.

Nimeanza na habari hii kwa sababu swali ninalotaka kulijadili silo la vitabuni tu. Je, kicheko kina nafasi katika maisha ya mwamini? Na kama kinayo, tutajuaje kicheko kinachojenga na kicheko cha wenye mizaha? Nitajibu kwa kumsoma mwandishi mmoja wa Kenya, marehemu Wahome Mutahi, ambaye kwa karibu miaka ishirini aliwachekesha jirani zetu kila Jumapili. Nilimfahamu kupitia mdogo wangu aliyesoma Nairobi, ambaye kila likizo alikuja nyumbani na furushi la magazeti ya zamani. Wakati ule nilikuwa nafundisha Kiingereza shule ya sekondari, na nilisoma makala zile kwa ajili ya lugha na kwa ajili ya kucheka. Baada ya siku ile ya mavuno nilizitoa tena sandukuni, nikazisoma kwa jicho lingine.

Mtu na kazi yake

Wahome Mutahi alizaliwa mwaka 1954 katika eneo la Nyeri, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Nchi ile ina mvua, chai na udongo mwekundu, na mtu wa Rungwe akifika huko hajioni mgeni sana. Kwao wamisionari wakuu walikuwa Wakatoliki kutoka Italia, kama kwetu walivyokuwa Wamoravian na Walutheri kutoka Ujerumani. Mutahi alisoma seminari akielekea upadri, kisha akaiacha njia hiyo akawa mwandishi wa habari. Seminari lakini haikumwacha. Maneno ya ibada, maungamo, katekisimu na mahubiri yamo katika karibu kila alichoandika.

Kazi iliyompa jina ni safu iliyoitwa Whispers, yaani Minong'ono, iliyosomwa hasa katika gazeti la Sunday Nation tangu miaka ya mwanzo ya 1980 hadi kifo chake mwezi Julai 2003. Kila Jumapili ilikuwa hadithi fupi inayojitegemea, lakini watu wake walikuwa wale wale, hata wasomaji wakawajua kama majirani. Kuna baba mwenye nyumba, Whispers mwenyewe, ambaye pia hujiita Mwana wa Udongo. Kuna mke wake, aliyepewa jina la Thatcher, kwa kumfananisha na yule mwanamke aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, kwa kuwa neno lake nyumbani halina rufaa. Kuna mtoto wa kiume, ambaye baba humwita Jambazi wa Nyumbani. Kuna binti, ambaye baba humwita Kitegauchumi, kwa kuwa anahesabu mahari hata kabla binti hajamaliza shule. Kijijini yuko mama yake Whispers, Appepklonia, mcha Mungu anayemhofia mwanawe aliyepotelea mjini. Yuko pia Padre Camissassius, mmisionari wa utotoni mwake, na Mwalimu Damiano wa shule ya enzi zile.

Mbali na safu hiyo, Mutahi aliandika vitabu. How to Be a Kenyan, cha mwaka 1996, kinacheka tabia za Wakenya, na msomaji wa Tanzania akikisoma hujikuta anacheka tabia zake mwenyewe. Three Days on the Cross, yaani Siku Tatu Msalabani, cha mwaka 1991, hakina kicheko, na nitakirudia. Aliandika pia tamthilia za Kikikuyu zilizoigizwa kwenye baa, mbele ya watu ambao wengi wao wasingeingia ukumbi wa tamthilia.

Kwa nini aliifanya nyumba yake kuwa jukwaa? Sababu moja ni ya nyakati. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kwa sheria kuwa nchi ya chama kimoja, na hali hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa mwaka 1991. Kumcheka mkubwa hadharani kulikuwa hatari. Lakini nani angemshitaki mtu kwa kuandika juu ya baba wa nyumba anayetoa amri asizozifuata mwenyewe, anayedai heshima asiyoistahili, na anayedanganya kila usiku akirudi nyumbani? Wasomaji walielewa. Nyumba ya Whispers ilikuwa na ukubwa wa nchi nzima.

Sababu hiyo ni ya kweli, lakini kwangu mimi si ya kwanza. Mtu anaweza kuandika juu ya nyumba ya jirani, au juu ya nyumba ya kubuni. Mutahi alichagua kusema "mimi". Mlevi ni mimi, mwongo ni mimi, bahili ni mimi, na anayemwogopa mkewe huku akijigamba baa kwamba yeye ndiye simba wa nyumba ni mimi. Hapa ndipo ninapoona kwamba ile seminari ilikuwa bado inafanya kazi. Katika Kanisa Katoliki mtu hupiga magoti akaanza kwa kusema mimi nimekosa. Safu ya Whispers ina umbo hilo hilo. Ni maungamo ya kila Jumapili, ila kasisi ni msomaji mwenye kikombe cha chai mkononi.

Mzaha na utani

Sasa turudi kwenye Zaburi niliyowasomea vijana. Wenye mizaha wanaotajwa humo si watu wanaocheka tu. Ukifuatilia neno hilo katika Mithali utaona mwenye mzaha ni mtu asiyekubali kuonywa. Anawacheka wengine, lakini ukimgusa yeye anawaka. Tabia yake kuu ni kwamba yeye mwenyewe hachekwi. Nilipogundua hivyo nilijiuliza, siku ile ya mavuno, mwenye mzaha hasa alikuwa nani? Vijana walioonywa wakaomba radhi, au mzee aliyeguswa akawaka?

Kwetu Rungwe tuna shule nzuri ya jambo hili, nayo ni utani. Babu na mjukuu hutaniana, na kanuni haijaandikwa popote lakini kila mtoto anaijua: anayetania hutaniwa. Babu anayemwambia mjukuu wake wa kike "mke wangu" lazima avumilie mjukuu akimwambia kwamba hawezi kuolewa na mzee asiye na meno. Babu akikasirika, utani umekufa na kilichobaki ni matusi.

Biblia nayo ina utani mwingi ambao tumeuzoea mpaka hatuusikii tena. Balaamu nabii anaonywa na punda wake, na punda ndiye anayeona vizuri zaidi (Hesabu 22). Yona anafurahia kivuli cha mmea kuliko kuokoka kwa mji mzima, na kitabu chake kinaishia na swali la Mungu linalomwacha hana jibu (Yona 4). Bwana Yesu mwenyewe alimchora mtu anayechuja mbu kisha anameza ngamia (Mathayo 23:24), na mtu mwenye boriti jichoni anayejitolea kumtoa ndugu yake kibanzi (Mathayo 7:3-5). Hebu wazia boriti lile la kuezekea nyumba limechomoza kwenye jicho la mzee wa kanisa, naye anainama kwa upole kutazama jicho la kijana. Sidhani kwamba waliomsikia mara ya kwanza walikaa kimya.

Na yuko Nathani, ambaye ningethubutu kumwita mtunzi wa hadithi fupi (2 Samweli 12). Hakumwendea Daudi na shitaka. Alimwendea na hadithi ya tajiri aliyechukua mwana-kondoo pekee wa maskini. Daudi alikasirika kwa ajili ya mtu wa kubuni, akatoa hukumu, na hapo ndipo alipoonyeshwa kwamba aliyehukumiwa ni yeye. Daudi angeweza kumfukuza Nathani kwa kosa la kumdhihaki mfalme, lakini alikubali kwamba amekosa. Ukubwa wa Daudi katika sura ile unatokana na jinsi alivyoipokea hadithi.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: kicheko kinaanzia kwa nani? Kikianzia kwa anayecheka, kiko karibu na toba. Kikianzia kwa jirani na kuishia kwa jirani, ndicho kile cha Zaburi ya kwanza. Kwa kipimo hicho Mutahi anapita, tena kwa alama za juu. Padre Camissassius anachekwa kwa lafudhi na ukali wake, lakini anachekwa na mtu ambaye bado anamwogopa na kumheshimu. Appepklonia anachekwa kwa hofu zake nyingi juu ya mji, lakini hofu zake kuhusu mwanawe ni za kweli zote, na msomaji anajua hivyo. Mutahi hakuicheka imani. Aliwacheka watu wanaoishi chini ya kiwango cha imani yao, naye akajiweka mbele ya msururu huo.

Kuungama bila kutubu

Hata hivyo sikubaliani na kila kitu, na nisingekuwa mkweli kama ningemsifu tu.

Whispers anaungama kila Jumapili, lakini hageuki. Jumapili hii anarudi amelewa, anatunga uongo mlangoni, Thatcher anamgundua, tunacheka. Jumapili ijayo ni hivyo hivyo. Kwa miaka mingi hakuna kilichobadilika nyumbani mle. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ndiyo kanuni ya vichekesho, mhusika akibadilika hadithi inakwisha. Pia mtu anaweza kusema, na hoja hii inanichoma, kwamba sisi tulio kanisani hatuna tofauti naye. Tunaungama kila Jumapili, na dhambi zenyewe ni zile zile za Jumapili iliyopita. Whispers anatuonyesha sura yetu bila kuipaka rangi.

Nakubali hoja hiyo, ila naona hatari ndani yake. Dhambi ikichekwa mara nyingi vya kutosha huanza kupendeza. Ulevi wa Whispers unageuka kuwa kama tabia nzuri ya mjomba tunayempenda. Katika vijiji vyetu ulevi haupendezi. Tunazijua nyumba ambazo fedha ya chai inaishia kilabuni siku ile ile ya malipo, na watoto wanarudishwa shule kwa kukosa daftari. Tunawajua akina mama wanaokaa macho mpaka saa saba za usiku wakisikiliza mlango. Makala za Whispers zinatuambia mengi juu ya mwanamume anayekaribia mlango huo kutoka nje, na zinafanya hivyo vizuri. Juu ya mwanamke aliye ndani zinatuambia machache, kwa sababu tunamwona kwa macho ya mume wake tu. Thatcher ni mkali, ni hodari, mara nyingi ndiye mwenye akili zaidi nyumbani, lakini hana safu yake katika gazeti. Sisi tunapocheka, yeye ndiye anayelipa gharama ya kicheko chetu.

Hali ni hiyo hiyo kwa Kitegauchumi. Mzaha wa baba anayehesabu mahari ni mkali dhidi ya baba, na ndivyo ulivyokusudiwa. Lakini jina likirudiwa kila wiki, msomaji hulizoea, na ukali wake hupotea. Mwandishi wa vichekesho ana mzigo huu ambao mhubiri hana: maneno yake yanapendwa, na kinachopendwa hurudiwa na watu ambao hawakuelewa kwamba walikuwa wanaonywa.

Hapa nataka nimlinganishe na mtu wetu wenyewe. Sisi Wamoravian tunapenda kusema kwamba mizizi yetu iko katika Umoja wa Ndugu wa nchi ya Bohemia na Moravia, lakini ni wachache wanaojua kwamba askofu wa Umoja ule, Jan Amos Komenský, anayejulikana duniani kama Comenius, aliandika kitabu cha dhihaka. Alikiandika mwaka 1623, akiwa amejificha wakati wa mateso, mwaka mmoja baada ya mke wake na watoto wake kufa kwa tauni. Katika kitabu hicho msafiri anazungushwa katika dunia iliyo kama mji wenye vichochoro vya kupoteza watu. Viongozi wake wawili wamemvalisha miwani ya udanganyifu ili kila kibaya kionekane kizuri. Lakini miwani imekaa upande kidogo, hivyo msafiri akiinua kichwa anaweza kuchungulia chini yake na kuona mambo yalivyo. Anawaona wasomi, wafanyabiashara, watawala, hata watumishi wa dini, na wote wanachekesha.

Nadhani hakuna maelezo bora ya kazi ya mwandishi wa vichekesho kuliko miwani ile iliyokaa upande. Mutahi alikuwa nayo. Tofauti iko mwishoni. Msafiri wa Komenský, akiisha kuchoka na kukata tamaa, anasikia sauti ikimwita arudi nyumbani kwake, moyoni, na humo anakutana na Kristo. Whispers naye anarudi nyumbani kila usiku, lakini anarudi na uongo mpya mdomoni. Komenský alicheka njiani kuelekea mahali fulani. Whispers anazunguka tu. Simlaumu Mutahi kwa kutoandika kitabu cha ibada, hakuahidi hivyo. Nasema tu kwamba mwamini anayemsoma asiishie pale safu inapoishia. Hatua iliyobaki ni ya msomaji kuitembea.

Kicheko kilipokoma

Kuna jambo moja linalonizuia kumhukumu Mutahi haraka. Mwaka 1986 alikamatwa na serikali ya nchi yake kwa madai ya kuhusika na kikundi cha siri kilichoitwa Mwakenya. Alishikiliwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali katikati ya Nairobi ambamo watu wengi waliteswa miaka ile, kisha akafungwa miezi kumi na mitano. Jengo lenyewe liko mahali ambapo watu hupita kila siku wakienda kazini, na waliokuwa chini yao hawakusikika.

Kutokana na mateso hayo aliandika Three Days on the Cross. Watu wawili, Chipota na Momodu, wanakamatwa na polisi wa siri katika nchi isiyotajwa jina, ambayo mtawala wake huitwa Mtukufu. Mwandishi yule yule aliyejaza Jumapili za watu kicheko hapa hachekeshi. Lugha ni kavu, na maumivu yanaelezwa kama yalivyo. Jina la kitabu lingetosha kumfanya Mkristo atulie na kufikiri. Bwana wetu alisulubiwa saa chache, na siku ya tatu ilikuwa ya ufufuo. Mutahi anaandika siku tatu zote juu ya msalaba, kana kwamba anauliza: na wale ambao siku yao ya tatu bado ni msalaba, kanisa linawaambia nini?

Sina jibu la haraka kwa swali hilo, na sidhani anayelijibu haraka amelisikia. Ninachokiona ni kwamba baada ya Nyayo House mtu huyu alirudi kwenye safu yake, akaanza tena kuandika juu ya Thatcher na Jambazi wa Nyumbani. Komenský aliandika dhihaka yake akiwa amefiwa na kuwindwa. Mutahi aliandika yake akiwa ameteswa na kufungwa. Kicheko cha watu wa namna hii kimetokana na kuyajua maumivu, tena kwa karibu. Kina uzito ambao kicheko cha mtu aliyeshiba hakina, na ndiyo maana hakiwaumizi wanyonge.

Mwaka 2003 alifanyiwa upasuaji, hakuzinduka, akalala bila fahamu kwa miezi kadhaa, akafa akiwa na umri wa miaka 48. Waliomlilia walikuwa wengi kuliko waliowahi kumwona. Nadhani walimlilia kama mtu aliyekuwa akiungama kwa niaba yao.

Jina la Lusekelo

Tuna jina zuri Rungwe, Lusekelo. Katika kila ushirika wapo, na wengi wetu tunajua kwamba maana yake ni furaha. Lakini sikiliza neno lenyewe. Katika Kinyakyusa kuseka ni kucheka, na kusekela, kufurahi, kumejengwa juu ya neno hilo hilo. Wazee wetu walipotafuta jina la furaha walilipata ndani ya kicheko. Na Sara, mke wa Ibrahimu, alifanya vivyo hivyo. Alipoahidiwa mtoto alicheka kwa kutoamini, kisha akakana kwamba amecheka. Mtoto alipozaliwa aliitwa Isaka, jina linalohusu kicheko, na Sara akasema Mungu mwenyewe ndiye aliyemfanyia kicheko (Mwanzo 21:6). Kicheko chake cha kwanza kilikuwa cha shaka na cha pili cha shukrani. Mungu hakumnyang'anya kicheko, alikigeuza.

Nimekwisha kuzungumza na yule kijana. Ilinichukua miezi mingi, maana mzee kumwendea kijana kwa kosa kama hilo ni safari ndefu kuliko kutoka Tukuyu hadi Mbeya kwa miguu. Nilimwambia kwamba siku ile nilitumia Neno la Mungu kufunika bati zangu. Alishangaa. Alisema alipotunga igizo hakunifikiria mimi kabisa, wala hakujua habari ya ahadi yangu. Mzee Kesho alikuwa yeye mwenyewe: kwa muda mrefu alikuwa akimwambia mwenyekiti wa kwaya kwamba fedha ya sare ataleta kesho. Nilikaa kimya. Alikuwa amejicheka kwanza, kama Mutahi, na mimi nilimnyamazisha kwa kosa ambalo hakulitenda.

Nilimwazima kile kitabu cha kuwacheka Wakenya, nikamwomba aandike tena kwa ajili ya mavuno yanayokuja. Nilimwomba pia jambo moja kuhusu hadithi yake, kwamba mke wa Mzee Kesho naye apewe maneno ya kusema, na kwamba mwishoni mtu fulani atoe angalau shilingi moja. Ameahidi kufikiri. Hakusema atamaliza lini, nami sikuthubutu kumwuliza.

Kuhusu bati, nimepeleka sita. Nne bado.